Shimo Kwenye Sauti ya Marehemu

Mzee Tulsidas, fundi wa redio, aliicheza ile sauti mara ya nne, akavua miwani, akasema neno moja la Kigujarati huku mdomo umemkunjamana. Mkaguzi Badria hakuhitaji mkalimani.

"Rudia tena, mzee," alisema.

Spika mbili zilizofungwa kwa waya ukutani zikakoroma kidogo, kisha mwanamume akaongea.

"Zena." Kimya cha kuvuta pumzi. "Nimekuacha. Talaka tatu."

Basi. Sekunde saba kwa jumla. Kwa sekunde hizo saba mwanamke mmoja wa Ilala alikuwa ameamriwa avue nguo za eda na afungashe vyake, na mpaka leo Alhamisi hakuna aliyethubutu kuuliza zimetoka wapi.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi na ilinuka. Abdulmajid, msomaji wa darsa na mrekodi wa kaswida, alikufa tarehe tisa Mei kwa presha, nyumbani kwake. Mkewe Zena akaingia eda kama mjane yeyote. Haujaisha mwezi, mdogo wa marehemu, Twaha, akaja mbele ya ukoo na hii sauti, akasema ameikuta kwenye kompyuta ya kaka yake. Faili lilikuwa na tarehe ya kumi na nne Desemba. Shehe wa mtaa akasikiliza, akasema ukweli wake: sauti ni ya Abdulmajid. Na kama Abdulmajid alimwacha mkewe Desemba kwa talaka tatu, basi mtu aliyekufa Mei hakuwa mume wa mtu. Zena si mjane, hana eda, hana fungu kwenye mirathi, hana sababu ya kulala chini ya paa lile. Ukoo ulimpa mpaka kesho Ijumaa, baada ya swala.

Kuhusu miezi mitano ambayo wawili hao walikaa chumba kimoja, toka Desemba mpaka Mei, hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wakitazamana tu. Badria aliyaona macho hayo siku alipokwenda kuchukua maelezo.

"Afande, mimi nasema ni AI," alisema Koplo Kitwana, aliyekuwa ameegemea mlango kwa kukosa pa kukaa. Viti vyote vya karakana vilikuwa vimekaliwa na redio mbovu. "Siku hizi ukiipa sauti ya mtu dakika mbili, inakuimbia mpaka taarabu."

"Hapana," Mzee Tulsidas alisema. "Huyu ni yeye. Nimemfahamu miaka ishirini. Mashine haijui kuvuta pumzi puani kama Abdulmajid."

Kitwana akanywea. Nadharia hiyo alikuwa ameibeba siku tatu.

"Kama ni yeye, mzee, basi Twaha anasema kweli," Badria alisema.

"Nani kasema?"

Mzee akainuka, akasogeza rundo la nyaya kwenye meza yake ya lehemu, akavuta kisanduku cha chuma cha kijivu, kirefu kama mkono, chenye safu mbili za vifundo vyeusi. Rangi ilikuwa imechubuka pembeni. Kwenye waya wa umeme kulikuwa na kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi.

"Hii ni ikwalaiza yake. Ya miaka ya sabini, semi-parametriki. Vijana wanaorekodi vyumbani wanaililia hii, kila wiki ananipigia mmoja. Wanasema ina joto ambalo kompyuta haina."

"Kwa Kiswahili, mzee."

"Kwa Kiswahili: ikwalaiza ya kawaida inakupa besi, inakupa treble, imemaliza. Hii inakuuliza. Kifundo hiki kinasema ukate wapi kwenye sauti. Hiki kinasema ukate kiasi gani. Upana wa mkato tu ndio huwezi kuugusa, hapo mashine imeamua yenyewe. Ndiyo maana ikaitwa semi, nusu wewe, nusu yeye." Akagonga kifundo cha tatu kwa ukucha. "Sasa jaribu kuzungusha hiki."

Badria akajaribu. Hakikusogea.

"Supaglu," Mzee Tulsidas alisema. "Nyumba ya Abdulmajid imegusana ukuta na mashine ya kusaga. Ule mngurumo ulikuwa unamwingilia kwenye maiki kila siku. Akautafuta unapokaa, akaukata hapo hapo. Lakini kifundo kilikuwa kimelegea, lori likipita kinahama. Akakigandisha. Mimi nilimgombeza, kifaa cha heshima namna hii unakipaka gundi! Akanicheka. Miaka kumi na moja hakijaguswa."

Akawageuzia kioo cha kompyuta. Sauti ya Abdulmajid ilikuwa imechorwa pale kama ukingo wa milima, na katikati ya milima kulikuwa na bonde moja, refu kwenda chini.

"Anapokata mngurumo, anakata na kipande cha sauti yake mwenyewe. Hii ni darsa ya miaka minne iliyopita. Shimo hili hapa. Hii ni kaswida ya mwaka juzi. Shimo hapo hapo, upana ule ule. Ni kama mtu aliyeng'oka jino la mbele, acheke leo acheke kesho, pengo ni lile lile."

"Na talaka?"

Akabonyeza. Milima mingine, bonde lile lile.

"Ilipita humu ndani," alisema. "Sasa soma karatasi."

Badria akaishika ile karatasi ya kwenye waya. Mwandiko ulikuwa wa kalamu ya bluu, wa mtu aliyezoea herufi za Kiarabu, umelalia upande. *Abdulmajid. Transfoma imeungua. 19 Agosti.*

"Agosti ya mwaka jana?"

"Umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na hasira. Aliileta mwenyewe, akaandika mwenyewe. Transfoma yake haipatikani hapa, nimeagiza Mumbai, mpaka leo wananizungusha."

"Haijatoka humu tangu siku hiyo?"

"Mama, haijawaka tangu siku hiyo."

Kitwana akajitoa mlangoni. "Ngoja, mzee. Labda Desemba alirekodi kwa simu, na mashine ya kusaga siku hiyo ilikuwa imezimwa."

"Ikizimwa hutasikia mngurumo," Badria alimjibu, macho yapo kwenye kioo. "Lakini kuzima mashine ya jirani hakukutoboi shimo kwenye koo lako. Ile sentensi ilirekodiwa kabla ya Agosti. Tarehe ya Desemba ni ya uongo."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Mzee Tulsidas. Lakini hakuonekana kufurahi. Akavaa miwani, akavuta mchoro upande wa kushoto, mwanzo kabisa wa ile sauti. "Kuna kingine, na hiki ndicho kimenikalia vibaya. Tazameni. 'Nimekuacha' ina shimo. 'Talaka tatu' ina shimo. 'Zena' haina."

Chini barabarani mpagazi alikuwa akipiga kelele apishwe na mzigo wake.

Mzee akalicheza jina peke yake, akaongeza sauti mpaka spika zikatetemeka. *Zena.* Chini ya jina kulikuwa na watu wengi wanaohema mahali pamoja, na kitu kidogo kikigonga. *Tiki.*

"Feni," Kitwana alisema. "Feni ya darini iliyolegea."

"Chumba kingine, siku nyingine, maiki nyingine," alisema mzee. "Mtu amechukua sentensi huku, akachukua jina kule, akaviunga. Mimi nimeunga sauti maisha yangu yote, wimbo una kosa unakata unaunga. Sijawahi kuona kazi chafu kama hii."

*

Nyumba ya Ilala ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Kitwana akabaki barazani, kwa kuwa mwenye eda haonwi na wanaume wa nje, na Badria alikuwa ameamua kwamba mpaka itakapothibitishwa vinginevyo mwenye eda yumo ndani.

Mlango wa kwanza kulia ulikuwa wazi. Kilikuwa chumba cha kurekodia. Trei za mayai zilikuwa zimegandamizwa ukutani toka sakafuni mpaka darini, na kwenye meza, katikati ya vumbi, palibaki alama ya mstatili pale kisanduku cha kijivu kilipokuwa kikikaa. Kiti hakikuwepo. Badala yake kulikuwa na marobota matano ya viatu vya mtumba, yamefunguliwa, yakitoa harufu ya miguu ya watu wasiojulikana, ya jasho lililokauka na ngozi iliyolowa. Mwenye chumba hajafikisha hata siku arobaini kaburini. Badria akafunika pua kwa mtandio, akaenda zake chumba cha ndani.

Zena alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akiwa na dera la maua. Miguuni palikuwa na mabegi mawili yaliyofungwa.

"Wifi alikuja asubuhi," alisema baada ya salamu. "Kasema nikiendelea kuvaa nguo za eda namtukana marehemu. Nikavua. Hata kulia wamenikataza, afande. Wananiuliza, unamlilia mume wa nani?"

Badria akavuta kigoda. "Nina swali moja, dada, na usinifikirie vibaya. Marehemu alikuwa anakuitaje?"

Zena akamtazama. "Mwenzangu."

"Jina lako?"

"Hajawahi kuniita. Miaka kumi na minane. Siyo kwa ubaya, kwao ndivyo walivyolelewa, mke haitwi ovyo ovyo. Watu wengine huitwa mama fulani, sisi Mungu hakutupa mtoto, basi ikawa mwenzangu." Akachukua simu chini ya mto wa kitanda, akaionyesha. "Yake hii. Tazama alivyoniandika."

Badria akasoma. Kwenye simu ya Abdulmajid mkewe aliandikwa *Nyumbani*.

"Na ile sauti ilipochezwa mbele ya ukoo," Zena aliendelea, "neno la talaka liliniumiza, lakini jina ndilo lililonishtua. Nikajiambia, huyu bwana hasira gani hiyo imemfanya aniite jina? Nilitaka kuwaambia. Nikaona watanicheka."

"Neno lile, 'nimekuacha, talaka tatu', ulishawahi kulisikia kwake?"

"Alisoma darsa nyingi za ndoa, afande. Za hasira, za subira, za haki za mke. Humo yatakosekana?"

"Sasa fikiri vizuri. Kuna siku yoyote alilitaja jina lako, akiwa anarekodiwa, kwenye watu wengi, chini ya feni mbovu?"

Zena alianza kutikisa kichwa. Kisha mkono ukaenda mdomoni.

"Siku ya ndoa," alisema. "Sebuleni kwa baba, Mchikichini. Mimi sikuwepo, bi harusi yuko ndani na wanawake. Alipomkubalia baba, rafiki yake alimrekodia kwa kaseti. Usiku akanichezea nisikie. Ndiyo mara pekee nimemsikia akinitaja. Kaseti ililiwa na fangasi zamani, lakini alishaihamishia kwenye kompyuta."

"Kompyuta iko wapi?"

"Aliichukua Twaha siku ya matanga. Alisema anaihifadhi isije ikaibwa, watu ni wengi." Akateremsha macho. "Kikulacho ki nguoni mwako."

*

Soko la Mchikichini lilikuwa limefurika. Meza ya Twaha ilikuwa safu ya viatu, na juu yake, kwenye mti, kipaza sauti kidogo kilikuwa kikiimba bila kupumzika kwa sauti ya Twaha mwenyewe.

"Raba kali, raba kali, mtumba daraja la kwanza, leo ni *elfu nane* tu!"

Badria akasimama mbele yake akasikiliza mizunguko mitatu. Sauti yote ilikuwa ya mtu aliyetulia. "Elfu nane" ilikuwa ya mtu mwenye mafua.

"Shikamoo afande!" Twaha alisema, ingawa walikuwa rika moja. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kofia ya kufuma na tabasamu la kupokea wageni. "Karibu, karibu. Vipi, yule bibi bado anawasumbua? Tumsamehe, mwanamke akiachwa akili inahama."

"Tangazo lako zuri," Badria alisema, akiinua kiatu na kukitazama soli. "Nani anakutengenezea? Nina shangazi anauza khanga Kariakoo, anatafuta mtu."

"Mwenyewe, afande! Hapa wote wanarekodi upya kila bei ikibadilika, wanajichosha. Mimi nakata tu ile bei ya zamani, nabandika mpya. Dakika mbili."

"Kwa simu?"

"Simu inasumbua, kioo kidogo. Kwa laptop."

Badria akarudisha kiatu mezani taratibu. Kitwana alishatoa daftari.

"Kwenye maelezo yako ya Jumatatu," alisoma, "ulisema, nanukuu, 'Mimi kompyuta sijui hata kuiwasha, nilimpa mtu anifungulie, ndipo tukaikuta hiyo sauti.' Huyo mtu ulisema humkumbuki jina."

Tabasamu la Twaha lilibaki mahali pake, ila macho yakaondoka. "Ah. Laptop... nilimaanisha ya rafiki."

"Hati ya upekuzi hii hapa," Badria alisema. "Isome. Kisha fungua hicho kisanduku ulichokikalia."

Kompyuta ilikuwa imeviringishwa kwenye kikoi. Twaha, labda kwa kuchanganyikiwa, akasema bila kuulizwa kwamba kikoi pia ni cha marehemu. Jirani wa meza ya pili, muuza mikoba, akatema mate pembeni.

Wakaingia stoo nyuma ya meza, watatu, na muuza mikoba akaitwa awe shahidi. Humo ndani hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya viatu na gundi. Kitwana akawasha kompyuta juu ya robota. Hakutafuta sana. Palikuwa na folda la darsa, na ndani yake *Hasira katika Ndoa*, la miaka mitatu nyuma. Akalicheza, akasogeza mbele, akarudi kidogo.

"...na mtu akimwambia mkewe kwa ghadhabu," sauti ya Abdulmajid ilisema, pole pole, kama mwalimu anayejua kuna anayeandika, "'Nimekuacha, talaka tatu,' huyo amevunja nyumba kwa ulimi, na ulimi hauna mfupa. Tumwogope Mungu, ndugu zangu."

"Hiyo moja," Badria alisema. "Ulichukua mawaidha yake ya kuwaonea huruma wanawake ukayatumia kumtoa mkewe nje. Kitwana, fungua folda la harusi."

Lilikuwa na faili moja tu. Kitwana akalibonyeza, na stoo ya viatu ikajaa sebule ya watu waliokwisha kuwa wazee au marehemu. Mtu akakohoa. Feni ikagonga. Sauti ya mzee, bila shaka baba yake Zena, ikasema kwa kujikaza: "Nimekuoza binti yangu, Zena binti Hashimu, kwa mahari mliyokubaliana." Kisha kijana akajibu haraka, kwa woga wa furaha.

"Nimekubali kumuoa binti Hashimu kwa mahari tuliyokubaliana."

"Mbona iko sawa?" Twaha alisema upesi. Upesi mno.

"Rudia," Badria alisema. "Usimsikilize bwana harusi. Sikiliza feni."

Kitwana akarudia. *Tiki*, kimya, *tiki*, kimya, *tiki*, kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani. "Nimekubali kumuoa," *tiki-tiki*, "binti Hashimu." Kisha tena *tiki*, kimya, *tiki*.

"Feni imeruka," alisema Kitwana.

"Feni haijaruka. Kuna kipande cha muda kimeondolewa." Badria akamgeukia Twaha. "Mzee Hashimu ana mabinti watatu. Kwenye ndoa mtu hakubali binti Hashimu, anakubali jina. Kaka yako alikubali nani hapa?"

Twaha akaivua kofia, akaivaa tena.

"Tazama tarehe ya mwisho ya faili kubadilishwa, Kitwana."

"Tarehe pili Juni, afande. Saa sita mchana."

"Aliyefunga ndoa hii alizikwa tarehe kumi Mei. Nani alikuwa anairekebisha harusi yake mwezi Juni? Ulipohifadhi talaka ulikumbuka kurudisha saa ya kompyuta nyuma mpaka Desemba. Ulipohifadhi harusi ulikuwa hujalifikiria. Na kwa kuwa umezoea matangazo ya raba, hukunakili jina. Ulikata, ukabonyeza hifadhi, kama unavyokata bei ya zamani ukaitupa. Kipande ulichokitoa hapa kitaingia kwenye hii feni bila kubaki nafasi, na nina fundi atakayeionyesha mahakama kwa rula."

Muuza mikoba, aliyeitwa kushuhudia tu, akasema, "Astaghfirullah," akatazama pembeni.

Hapo Twaha akakaa juu ya robota. Badria alikuwa ameshaona watu wakivunjika, wengine wanalia, wengine wanatukana. Huyu alianza kujieleza, kama mtu anayemweleza mteja kwa nini kiatu kimeachia.

"Afande, nyumba ile ni ya baba yetu. Kaka hana hata mtoto wa kumwachia. Miezi minne na siku kumi mkewe akae tu chumbani, mimi mzigo wangu unyeshewe mvua? Nilikuwa nawaza tu hatua ya kwanza. Na marehemu hana anachopungukiwa, ameshakwenda."

"Hana anachopungukiwa." Badria alirudia maneno hayo ili Kitwana ayaandike. "Wewe ni Mwislamu, Twaha. Kama talaka yako ilikuwa ya Desemba, kaka yako alikaa na mwanamke asiye mkewe mpaka Mei. Mtaa mzima sasa unajua kwamba Abdulmajid, msomaji wa darsa, amekufa mzinifu. Hilo umemwongezea wewe, kaburini, hawezi kujitetea."

Twaha akafuta jasho kwa ile kofia ya kufuma. Kwa mara ya kwanza alionekana kuona aibu, au kitu kinachofanana nayo.

"Hilo la miezi mitano nililigundua baadaye," alisema. "Lakini nilishajipangia, afande. Nitamfanyia hitma kubwa ya arobaini. Mbuzi wawili. Nimwombee msamaha."

Kalamu ya Kitwana ikasimama. Badria akatoka nje ya stoo, akasimama chini ya mti wenye kipaza sauti. Juu yake sauti ya Twaha iliendelea kuita watu waje kwenye raba kali. Akavuta waya. Soko likapungua kelele kwa mtu mmoja, na hakuna aliyeuliza.

"Mfunge pingu," alimwambia Kitwana. "Kompyuta itiwe lakiri mbele ya shahidi. Usikibadilishe hata kitu kimoja humo ndani."

*

Alifika Ilala kabla ya adhana ya alasiri. Wifi yake Zena alikuwa ukumbini na wanawake wawili, na begi moja lilikuwa limeshasogezwa mpaka mlango wa mbele. Badria akawapa taarifa wakiwa wamesimama: Twaha yuko rumande kwa kughushi, amekiri mbele ya shahidi, shehe wa mtaa ameshapigiwa simu na anakuja mwenyewe kuuambia ukoo. Wifi akaanza kusema kwamba wao walidanganywa kama watu wengine. Inawezekana. Badria hakutaka kulisikia hilo leo. Alilibeba begi mwenyewe, akarudi nalo chumba cha ndani.

Zena alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia sauti za ukumbini, lakini si maneno.

"Ni jina la siku ya ndoa," Badria alimwambia. "Alilikata pale akalibandika kwenye mfano wa darsa. Marehemu hakukuacha, dada. Si Desemba, si siku nyingine yoyote."

Zena hakuuliza juu ya Twaha. Hakuuliza juu ya nyumba, wala kesho itakuwaje. Alilitazama dera lake la maua kana kwamba amevalishwa na mtu mwingine akiwa usingizini.

"Kwa hiyo mimi ni mjane?" alisema.

Badria alikuwa amewapa watu habari nyingi mbaya katika kazi hii, na alijua namna ya kuzitoa. Hakujua namna ya kuitoa hii, na alimchukia Twaha kwa kumlazimisha kuitoa kama zawadi.

"Ndiyo, dada. Wewe ni mjane."

"Alhamdulillahi," alisema Zena. Akakaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akaanza kumlilia mumewe kwa sauti.